Gari Lenye Kutaka Watu Wawili

Ruphin alizungusha ufunguo. Tak, lilisema gari, likanyamaza. Akazungusha tena. Tak.

"Ni kitu kidogo," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza. Jamani, Ruphin! Mtu huyu alikuwa wakala wa forodha pale mpakani Kasumbalesa. Mamia ya magari yalikuwa yamepita mikononi mwake, ila yote yalipita kwenye makaratasi. Namba za injini alizijua. Injini yenyewe alikuwa akiionea haya.

Na siku ya kukwama ndiyo hiyo! Léonie, mke wake, alikuwa anatetea tasnifu yake chuoni Kasapa saa nne asubuhi. Alikuwa ametangulia mapema kuandaa mambo yake, na kabla ya kutoka alimshika mumewe kola ya shati. "Uniletee mama. Nikisimama pale mbele nisimuone, sauti itanipotea." Ruphin akamjibu, "Mi niko na motokari, unaogopa nini?" Debe tupu haliachi kuvuma.

Mama mwenyewe, Mama Kapya, alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kitenge kimemfunika hadi usoni. Alikuwa ametoka Kamina kwa treni, yeye aliyelima mihogo mpaka binti akafika chuo kikuu, na chuo hicho hajawahi kukiona kwa macho. Sasa sikilizeni shida ilipolala. Kwa Waluba wa ukoo huo, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawakai bega kwa bega, wala hawasemezani ana kwa ana. Neno la mmoja lazima lipitie kwa mtu wa tatu, na kila siku mtu huyo alikuwa Léonie. Leo daraja liko Kasapa, kingo zote mbili zimebaki hapa nyumbani Katuba.

"Betri," Ruphin alijiamulia. Akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akamwagia maji moto vichwa vya betri, akavisugua mpaka shati lake jeupe la sherehe likachorwa ramani. Tak. Ndipo akawasha taa, zikawaka kali hadi ukutani kwa jirani. Taa zikiwaka hivyo, betri haina kosa. Hilo hata yeye alilijua, ila lilimjia baada ya shati kuchafuka.

Basi asukume. Majirani wote walikuwa kazini, kwa hiyo alisukuma peke yake, mkono mmoja kwenye usukani, mama mkwe ndani, toka langoni mpaka barabarani. Alihema, alitoa jasho, mpaka akakumbuka kwamba gari lake ni la otomatiki, na otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata uite mtaa mzima. Mawee! Sasa lilikuwa limekaa katikati ya njia, na kulirudisha hakuweza.

Chini ya kitenge sauti ilitoka, ikielekezwa kwenye ukuta wa jirani. "Weye ukuta, ambia ule bwana saa inaenda. Mutoto yangu iko anatungoja."

Ruphin akaliinamia gurudumu. "Weye gurudumu, ambia mama niko natafuta." Alijisikia akisema hivyo, akatamani ardhi immeze yeye na gurudumu lake.

Teksi je? Dereva aliyemjua hakushika simu. Na basi la abiria lingewabana yeye na mama mkwe goti kwa goti, afadhali kutambaa hadi Kasapa.

Akajilazimisha kufikiri. Taa kali, tak moja tu: basi ni demareri, ile mota ndogo ya kuwashia, imekwama. Kule mpakani aliwahi kuona watu wakiigonga kwa chuma huku mwingine akizungusha ufunguo. Huku mwingine! Ruphin alikuwa mmoja. Aligonga, akakimbilia ufunguo: tak. Aligonga tena, akakimbia: tak. Akajaribu kujinyoosha, mguu ndani ya gari na mkono kwenye injini, kama aliyeumbwa kwa mpira, akaambulia kujigonga paji la uso.

Mficha uchi hazai, alijikumbusha, na bado mdomo haukufunguka. Amwombe mama mkwe aje kiti cha mbele? Kamina wangelisimulia mpaka kiama. Lakini akamuona Léonie akilini, amesimama mbele ya walimu, anatazama mlango, na mlangoni haingii mtu. Moyo ukamuuma kweli. Kamina na wasimulie.

"Mama," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Nisaidie. Peke yangu nimeshindwa."

Kisha mlango ukafunguka. Mama Kapya alishuka, akazunguka gari, akaketi kwenye usukani. Safari hii hakuutafuta ukuta.

"Nifanye je?"

"Nikisema 'sasa', zungusha ule ufunguo."

Akagonga. "Sasa!" Gari likanguruma, na Mama Kapya akapiga vigelegele hadi mbwa wa mtaa wakajibu. Hakurudi nyuma, alisogea tu kiti cha pembeni. Wakaenda bega kwa bega, yeye akitazama dirisha lake, Ruphin akiitazama barabara kuliko alivyowahi kuitazama maishani.

Walipofika Kasapa, watu wa mwisho walikuwa wakiingia ukumbini. Ruphin hakuzima injini. "Mama, ingia. Mi nabaki hapa. Nikizima, haitawaka tena." Na tusimsifu bure: moyoni alifurahi kupata kisingizio. Shati lilikuwa jeusi, paji la uso limevimba, na mle ndani angekalishwa karibu na mama mkwe mbele ya dunia nzima.

Mama Kapya akageuka. Aliteremsha kitenge mabegani, akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu harusi.

"Léonie ataangalia ku mulango, anione miye peke yangu?" alisema. "Zima, baba. Ikikatala, tutaigonga tena, miye na weye."

Ruphin akazima.