Spana ya Mlangoni

Sajini alisema lori linaondoka saa nane, liwe na breki au lisiwe na breki. Hakupaza sauti. Alirudi kivulini kwa askari wenzake waliokalia masanduku ya risasi, na Leonsia, mtunza stoo wa karakana, akamtazama mumewe. Gozbert ndiye dereva.

Lori lilikuwa la kijiji cha ujamaa kule Keza, la kubebea maharage, lakini tangu vita ianze magari mazima yote yalikuwa yanapelekwa mtoni Kagera. Gozbert alilifikisha Biharamulo kwa gia tu, kanyagio la breki likizama mpaka chini. Mafuta ya breki yalikuwa yanavuja kwenye kiungio cha paipu, nyuma ya gurudumu la mbele. Kufungua nati, kutengeneza mdomo wa paipu, kukaza: kazi ya nusu saa. Sasa ilikuwa saa saba, na nati haijafunguka.

"Nilikwambia Mchina wako ni bati," alisema Xavery, akiwa chali chini ya lori.

"Na tai wako je? Kateleza mara tatu. Mwambie aruke basi," alijibu Bigirimana.

Ugomvi huo ulikuwa wa kila siku. Xavery alikuwa na spana chapa tai, za Mjerumani, alizoachiwa na mapadre. Bigirimana, mkimbizi wa mwaka wa sabini na mbili, alikuwa na chapa nyota, alizopewa na Wachina alipofanya kazi kwenye reli. Siku nyingine watu walikuja karakanani kuwasikiliza tu, wacheke. Leo hakuna aliyecheka.

Leonsia alichuchumaa akatazama. Tai namba kumi na moja iligoma kuingia kwenye nati. Namba kumi na mbili iliingia, ikacheza, ikateleza, ikala pembe za nati. Akaja Bigirimana na nyota zake. Kumi na moja ikagoma, kumi na mbili ikacheza. Vilevile kabisa. Hapo ndipo Leonsia alipoanza kushuku. Watu wawili wasiopatana wakikosea mahali pamoja, labda kosa si lao.

"Leta tindo na nyundo," alisema Bigirimana. "Tutaipiga izunguke."

"Paipu ikikatika?" aliuliza Gozbert.

"Ikikatika, utaomba Mungu huko miteremkoni."

Paipu nyingine haikuwepo mji mzima. Leonsia alijua, maana ile yenyewe ilipatikana kwa shida. Mwezi wa sita fundi Leonidasi, kabla hajaitwa mgambo, aliikata kwenye Landrova mbovu iliyokuwa nyuma ya karakana, pamoja na kiungio chake, akaifunga kwenye lori hili la Kijapani. Yeye Leonsia ndiye aliyemshikia. Hawa wawili hawakuwepo siku ile.

Tindo ilikwisha wekwa kwenye nati. Leonsia akaingiza mkono, akaifunika nati kwa kiganja.

"Toa mkono, mama Odeta," alisema Xavery. "Sisi tunafanya kazi."

"Nisamehe, mzee wangu. Nitautoa mkijaribu spana moja tu."

"Wewe kazi yako kutupa spana, si kutufundisha spana," alisema Bigirimana.

"Ndiyo, fundi. Nataka kuwapa."

Nyundo ilibaki juu. Gozbert akainama. "Atakayeshuka na hili lori ni mimi. Mpeni nafasi."

Leonsia alikwenda stoo, akaichomoa spana nyeusi iliyokuwa inazuia mlango usijifunge. Mlango ukajipiga nyuma yake. Xavery alipoiona akaguna.

"Hiyo? Haina hata chapa."

"Kutu imeila. Nati hii ni ya Landrova, ya inchi. Zenu zote ni za milimita. Leonidasi alitumia hii."

Mafundi walitazamana. Bigirimana akashusha nyundo taratibu. Xavery akaivika spana kwenye nati: ikaingia, ikakaa. Akavuta. Nati haikusogea. Leonsia aliona pembe zake zilivyobaki kidogo. Xavery akavuta tena, polepole, na nati ikalia kama mlango wa zamani, ikazunguka.

Saa nane kasoro dakika tano Gozbert alilishusha lori mteremko wa kuelekea sokoni, akakanyaga. Likasimama. Alirudi na kuwapakia askari, kisha akainama dirishani.

"Mama Odeta, nati ikilegea huko njiani nitaifunga na nini?"

Kifaa cha stoo hakitoki nje ya geti. Sheria hiyo aliiandika mwenyewe ukutani, kwa chaki. Leonsia alimpa spana ile.

Vumbi lilipotua, Xavery alisema ile ni kazi ya Mwingereza, ilionekana kwa uzito wake. Bigirimana akasema Mwingereza gani, ile imefuliwa na mhunzi wa huku huku. Leonsia hakuwasikiliza. Upepo ulikuwa unaupiga mlango wa stoo, na Xavery alipotaka kuuwekea jiwe, Leonsia alimwomba auache hivyo hivyo, mpaka spana irudi.