Jicho Lililobaki Kazini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, Mardochée alipanga bunduki za rangi juu ya meza ya mbao na kuzihudumia moja baada ya nyingine. Papa Godefroid, mwenye kiwanja cha mchezo wa kupigana rangi, alikataza neno bunduki. Alitaka waseme lanceur, kwa sababu bunduki inaua na lanceur inachezewa. Mardochée alisema lanceur mdomoni, na kichwani akaendelea kusema bunduki.

Kazi yenyewe aliifanya kwa heshima. Kwanza aliuvisha mdomo wa bunduki soksi yake, ili kidonge kikitoroka kishikwe humo. Akaondoa vidonge vyote vya rangi, akafungua chupa ya hewa polepole, akaelekeza mdomo ardhini na kubonyeza kifyatuo mpaka pumzi iliyojificha ndani ikaisha. Ndipo akazima umeme, akatoa betri, akachomoa chuma cha ndani na kukagua mipira myembamba inayoziba hewa. Ule uliopasuka aliutupa, hata kama mpasuko ulikuwa mdogo kama unywele. Bunduki za umeme hazina subira. Kifyatuo chake ni chepesi. Ukikigusa tu kama mtu anayefukuza nzi, kidonge kimeshakwenda. Ndani, mahali kidonge kinapoketi, kuna kihisi cha mwanga ambacho mafundi wanakiita cellule. Cellule isipoona kidonge, bunduki haifyatui. Ikichafuka, vidonge vinasagwa humo humo kama nyanya. Kwa hiyo Mardochée aliipangusa kwa pamba kavu, huku ameshika pumzi.

Kiwanja kiko Annexe, pembezoni mwa mji, mahali ambapo zamani watu walilima mihogo. Mihogo iling'olewa, vichuguu vikaachwa, kwa sababu kichuguu kinaficha mtu mzima. Mchezo uliopendwa zaidi uliitwa mawindo. Wateja walipewa bunduki na mask, na wafanyakazi wa kiwanja walikimbia kutoka kichuguu hadi kichuguu wakipigwa. Mask za wateja zilioshwa na kuanikwa kwenye kamba kama nguo za shule. Wakimbiaji hawakuwa na mask. Papa Godefroid alieleza kwamba mask zinatoka mbali na zinaharibiwa na jasho, na kila mtu anajua kwamba anayekimbia anatoka jasho kuliko anayempiga.

Jumamosi moja ya Julai, baridi na vumbi jekundu vikiwa vimekutana hewani, cellule ya bunduki ya Jeannot ilikufa katikati ya mchezo. Jeannot alikuwa mteja mwenye gari refu. Alikataa kutoka kiwanjani, asije akapoteza kichuguu chake. Mardochée alimfuata na bisibisi, uso wazi. Akachuchumaa, akafungua ubavu wa bunduki, akatoa cellule iliyokufa. Upande wa pili mteja mwingine, aliyekuwa akipiga soga bila kuivisha bunduki yake soksi, akagusa kifyatuo.

Kidonge cha rangi ya chungwa kilimpiga Mardochée jicho la kushoto. Jicho lilitoka zima, pamoja na kope zake, kama mbegu ya pera inavyotemwa, likaanguka ndani ya bunduki iliyokuwa wazi mikononi mwake, likaketi pale pale pa cellule. Mikono yake, ambayo ilikuwa na mazoea yake, ikarudisha kifuniko na kukaza skrubu. Taa ndogo ya bunduki ikawaka buluu.

“Ah, imepona,” Jeannot alisema. “Merci, fundi.” Akarudi kwenye mchezo.

Kwenye dispensari muuguzi, Mama Delphine, alisafisha tundu na kulifunga bandeji.

“Na jicho yenyewe iko wapi?”

“Iko ku kazi.”

“Basi uko na bahati. Ya bengine inapoteaka bure.”

Jumatatu Germaine, mke wa Mardochée, alikaza kitenge kiunoni na kumpeleka mumewe kwa Papa Godefroid.

“Jambo yenu, Papa Godefroid. Tumekuya juu ya jicho ya bwana yangu.”

“Pole sana, mama. Miye nilisali juu yake jana, misa yote.”

“Aksanti. Sasa mutupatie.”

“Mama, lanceur iko mali ya société, ya kampuni. Ile jicho haikuletwa na muntu. Iliingia yenyewe.”

“Iliingia yenyewe! Hata mbuzi ikiingia ku lupango ya nyumba ya jirani, mwenyewe anaifwata!”

“Mbuzi haitumike, mama. Jicho inatumika.”

Alisema hivyo kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. Kisha akawapa gunia la unga na jogoo, kama anavyopewa mfiwa, na akaona neno limekwisha. Germaine aliubeba unga, kwa sababu unga haukuwa na kosa. Jogoo alimrudishia mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka barabara ya lami akamwita mwizi wa macho, kwa sauti ya kuwafikia watu wanaouza makaa barabarani.

“Uache ile kazi,” alimwambia Mardochée walipofika nyumbani.

“Niache jicho yangu na nani?”

Alikuwa amejaribu kulitoa. Alifungua bunduki, akashika jicho kwa kibano na kuvuta, na maumivu yakashuka kutoka kisogoni hadi kisiginoni. Lilikuwa limeshatia mizizi kwenye nyaya. Akalipangusa kwa pamba, akafunga.

Tangu hapo bunduki ile haikusaga kidonge hata kimoja. Jeannot aliomba awekewe hiyo hiyo kila Jumamosi. Papa Godefroid aliichorea nyota ubavuni. Naye Mardochée, akiwa kwenye meza yake, kwa jicho la kulia aliona bisibisi na mafuta, na kwa la kushoto aliona kupitia mtutu duara dogo la mchana, na ndani ya duara yeyote aliyelengwa.

Jumamosi moja aliyekuwa ndani ya duara alikuwa Séphora, binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa akikimbia mawindo tangu Pasaka. Alikuwa amesimama kupumua, uso wake wote uko wazi, macho mawili makubwa. Mardochée alifumba jicho lile la kushoto. Bunduki haikuona kidonge, ikanyamaza.

Jeannot alibonyeza, akabonyeza tena. Séphora aliweka mikono kiunoni.

“Piga basi, patron! Ama unangojea courant ya umeme irudie?”

Wakimbiaji wakacheka nyuma ya vichuguu. Jeannot akageuza bunduki kwa mteja mwenzake mwenye mask. Mardochée akafumbua, bunduki ikapiga vizuri. Jeannot akairudisha kwa Séphora, ikanyamaza. Jioni ilipofika, wakimbiaji wote walijua. Walipita mbele ya bunduki yenye nyota kama wanaotoka kanisani.

Papa Godefroid alikuja mwenyewe kwenye meza.

“Mardochée, ni weye unafunga ile jicho?”

“Ni miye.”

“Juu ya nini?”

“Patia Séphora na benzake ba mask, papa. Siku ileile nitaiacha wazi. Hata kulala sitalala.”

“Na jasho?”

“Mask inaoshwa. Jicho, ikishatoka, haioshwe.”

Papa Godefroid alizunguka meza kama mtu mwenye haki anayesumbuliwa. Aligusa mask moja kwenye kamba, akaona imekauka, akaigeuza upande wa pili ili nao upate jua. Akasema atafikiri. Mardochée alirudi nyumbani na matumaini, akamwambia Germaine, na Germaine akachinja kuku wake mwenyewe.

Juma zima Papa Godefroid alifikiri. Alimpigia simu muuzaji wa bunduki, na muuzaji akamweleza jambo rahisi: pembeni ya bunduki kuna kitufe kidogo, ukikibonyeza na kukishikilia, bunduki inaacha kuiuliza cellule. Inapiga bila kutazama.

Jumamosi alikibonyeza mbele ya Mardochée, bila hasira. Taa ikatoka buluu, ikawa nyekundu.

“Sasa hautachoka,” alimwambia. “Ufunge, ufungue, vile unapenda.”

Mawindo yakaanza. Mardochée aliona duara, na ndani ya duara Séphora, aliyesimama bila kukimbia, mikono kiunoni. Akafumba jicho kwa nguvu zote. Gizani alihisi kidonge cha kwanza kikipita, baridi, kikisugua ukope wake. Kikafuata cha pili. Akafumbua ili angalau aone, na akaona migongo ya vidonge vikienda kwenye uso wa dada yake, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa kimepita kwake kwanza.

Baadaye Séphora alikuja kunawa kwenye bomba karibu na meza. Rangi ya chungwa ilimtiririka kutoka kwenye nyusi. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limebaki ufa.

“Yaya Mardochée, uliniona?”

“Nilikuona.”

“Inafaa uangalie,” alisema, akijimwagia maji. “Siku jicho yangu itatoka, unionyeshe mwenye kupiga. Miye sitamuona.”

Mardochée alishika pamba kavu na hakujua aipeleke wapi.

“Ba kukimbia, ku kazi!” Papa Godefroid aliita. Kundi la pili lilikuwa limeshavaa mask. Séphora alifuta uso kwa pindo la kitenge, akaenda.