Ovaroli ya Ngongoti

Shangazi alijigamba kwamba hakuna ndege ya mafunzo iliyoweza kupita juu ya nyumba yake asiijue kwa mlio, hata akiwa amefumba macho. Kisha, kabla hujamsifu, alikwambia mwenyewe kwamba juzi alisimama uani akampungia kwa madaha mtoto wa kaka yake akidhani anapita angani, kumbe ni gari la taka linapanda mlima.

Kazi yake ilikuwa kufua na kushona ovaroli za marubani wanafunzi wa kambi iliyokuwa ng'ambo ya ukuta. Mmoja wao ndiye huyo mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Mwingine alikuwa rafiki wa mtoto huyo, kijana mrefu waliyemwita Ngongoti. Ovaroli zao zilikuwa za kijani, lakini za Ngongoti Shangazi ilimbidi aziongezee vipande vya kaki miguuni, la sivyo zingeishia kwenye ugoko.

Ngongoti alianguka na ndege akafa mwezi uliopita, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Siku hiyo ovaroli yake ya pili ilikuwa kwenye beseni la Shangazi, na hakuna aliyekuja kuichukua.

Mkufunzi wao ndiye aliyekuja kumweleza. Alichukua pasi iliyopoa, akaipindua juu ya meza. Ndege ikiwa imelala chali namna hii, alisema, mkono uliozoea kuvuta usukani ili kupanda ndio unaomzika mwenyewe. Juu sana, rubani anapata nafasi ya kugundua kosa. Karibu na mabati ya watu, kosa na ardhi vinafika pamoja. Ndiyo maana michezo ile ya kuruka chali ilikatazwa chini ya futi elfu tano. Akaacha karatasi yenye namba yake ya simu: Shangazi akiwa na hakika ya yeyote anayecheza chini, apige. Huyo hataruka kwenye maonyesho ya Jumamosi mbele ya wazazi, na pengine hataruka tena.

Shangazi aliiweka karatasi chini ya pasi, na pale ikamkalia kama mgeni asiyeaga. Maana tangu Jumatatu, kila siku saa nne asubuhi, kuna ndege ilipita chini hadi vikombe vikagongana kabatini. Ilitokea upande wa jua. Akiinua kichwa, imeshakwenda. Na mtoto kila alipoulizwa alijibu huku anatafuna kwamba yeye hashuki chini ya futi elfu tano, kwani yeye mtoto mdogo? Kumvunjia kazi kwa ushahidi wa masikio yaliyokwisha kuamkia gari la taka, Shangazi aliona haifai. Kunyamaza mpaka azikwe kama mwenzake, hilo nalo halikumpa usingizi.

Alhamisi akapanda ngazi hadi juu ya paa la zege, akaianika ovaroli ya Ngongoti. Aliibana mabegani kwenye kamba kwa vibanio vinne. Mikono akaishonea ndani ya mifuko, kwa sababu nguo tupu inayopunga haikumpendeza.

Saa nne hakukuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Ovaroli ikaanza kujaa kabla mlio haujafika: kifua kwanza, kisha miguu, kama mtu anayeamka. Ndege ikapita, ikazima jua, ikaondoka. Ovaroli ikanywea. Shangazi akaiteremsha mbio, akaitia kapuni, akaikagua. Mishono yote ilikuwa mizima. Ila kifuani ilikuwa na joto, kama iliyovuliwa sasa hivi.

Saa kumi mtoto akaja kula, akawa anakoroga chakula tu.

"Shangazi, ile ovaroli ya Ngongoti uichome."

"Ipi tena?"

"Ya juu ya paa. Niliiona asubuhi, nikipita getini."

"Ikakufanya nini?"

"Ilinipungia. Mikono yote miwili." Akaisukuma sahani. "Na kama ni lazima uianike, mbona uliitundika kichwa chini? Vile vipande vya kaki vilikuwa juu."

Shangazi alikumbuka kwamba mikono ile aliishonea mifukoni, na mishono ilikuwa mizima. Akainua pasi, akachomoa karatasi ya mkufunzi.

"Niliibana mabegani, baba," akasema. "Aliyekuwa kichwa chini ni wewe."