Mdako wa Daksha

Daksha alipofiwa na mumewe, aliuza nyumba akahamia chumba kimoja na jiko huko ughaibuni, Thornton Heath. Mwanawe akampeleka kwenye kituo cha wazee ili asikae peke yake. Siku ya kwanza, Anastasia, Mtaveta aliyefanya kazi pale, alimjazia fomu.

"Hobi yako ni nini, mama?"

"Sina. Nilishona nguo miaka arobaini, na sasa vidole vimekuwa vigumu."

"Na utotoni, kule Tanga, mlicheza nini?"

Daksha alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Mdako! Uani, na watoto wa jirani. Mama alinichapa kwa kuchafua gauni."

Mchana ule Anastasia aliokota mawe kumi bustanini, akayaosha, akayamwaga kwenye bakuli pana mezani, liwe badala ya shimo la uani. Daksha alirusha jiwe moja juu, akayakomba mengine bakulini kwa mkono uleule. Lile jiwe likamwangukia pajani, mengine yakatawanyika sakafuni. Alirudia mara ishirini, asidake hata mara moja. Ila alirudi nyumbani na mawe mfukoni, na kila asubuhi, chai ikichemka, alirusha na kudaka juu ya kitanda.

Mwezi ukapita. Kituoni kulikuwa na Surjit, dereva mstaafu wa basi aliyezaliwa Nakuru. Kila siku alisimulia bei ya fimbo zake za gofu, ingawa mgongo haukumruhusu tena kuzishika. Alipowaona Daksha na Anastasia wakicheza mdako, alitikisa kichwa.

"Huo mchezo wa vitoto vya kike, dada."

"Basi njoo unifunge," Daksha akamjibu. "Atakayeshindwa atawapikia chai watu wote hapa wiki nzima."

Wazee wakasogeza viti. Surjit alikunja mikono ya shati, akarusha jiwe juu mno, likagonga taa na kutumbukia kwenye kikombe cha mtu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Zamu ya Daksha ilipofika, jiwe lilipaa kiasi tu. Mkono ukayatoa mawe yote bakulini, ukageuka, ukalidaka. Akarusha tena, akayarudisha yote isipokuwa moja, akaliweka kando kuwa lake. Akaendelea hivyo, moja moja, hadi bakuli likabaki tupu.

"Wewe mama ni mwizi!" Surjit alipiga kelele, huku akitafuta birika.

Chai yake ya siku ya kwanza ilikuwa maji matupu. Ya tatu ilikuwa na iliki, tangawizi na maziwa ya kutosha, na watu wakaomba kikombe cha pili.

Jumamosi iliyofuata, Daksha alimkuta Surjit kwenye kituo cha basi, amekaa peke yake, amevua kofia na kuiweka mapajani kama shimo. Alikuwa akirusha kijiwe, ulimi umetoka pembeni. Basi lake likaja, likaondoka. Hakuliona.

"Chini kidogo," Daksha akamwambia, akakaa kando yake. "Usirushe kwa hasira."