Kandambili ya Kulia

Kitu cha kwanza alichokiona msafishaji wa kituo cha polisi ni kandambili moja, ya kushoto. Alikuwa ameinama akideki chini ya benchi la wananchi, saa mbili asubuhi, na hakuwa na mazoea ya kutazama watu usoni. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, sementi imekaukia kwenye kucha. Miguu hiyo aliijua. Ilikuwa ya fundi mwashi aliyezikwa Jumamosi.

Fundi hakuja kutisha mtu. Siku tatu mfululizo mama yake alikuwa amekuja kulalamika kwamba kitabu cha kituo kimeandika mwanawe alianguka kutoka kitandani akiwa selo, akafa. Koplo wa kaunta akamjibu kwa upole wa mtu aliyeshiba, "Mama, maelezo hayabadilishwi na ndugu. Mwambie mwenyewe aje."

Basi alikuja.

"Habari za kazi, afande. Nataka kurekebisha maelezo. Sikuanguka, nilipigwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Koplo alilamba kidole, akafunua ukurasa. "Kitambulisho?"

"Mlikichukua siku mliponikamata."

"Unaona sasa? Nitajuaje kama ni wewe?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni alisonya. "Hawa ukiwaripotia kuku, utarudi huna banda," alisema, akasogea ili fundi apate pa kukaa.

Fundi alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Aliambiwa alete picha mbili. Alipozileta, aliambiwa alete barua ya mwajiri. Alipoileta, koplo alikuwa ametoka kunywa chai. Mama yake alikaa ubavuni mwake, akimbandua sementi kwenye kucha na kumgombeza kwa kukonda.

Wiki ya pili koplo akawa sajini. Mkuu wa kituo alimvisha cheo palepale kaunta, akaamuru wananchi wote wasimame na kupiga makofi. Fundi alisimama. Viganja vyake havikutoa sauti.

Msafishaji aliweka chini fagio, akaenda stoo. Nyuma ya ndoo ya sabuni alitoa kandambili ya kulia, ile aliyoambiwa akaitupe. Aliipangusa kwa kanga yake, akaiweka mbele ya mguu mtupu.

"Asante, dada," alisema fundi, akaivaa. Ilimtosha.

"We Bubu," sajini aliita. Kituo kizima kilimwita msafishaji hivyo, maana miaka miwili hawakuwahi kumsikia akisema zaidi ya shikamoo. "Korido umeimaliza?"

Kisha akamgeukia fundi. "Nenda, njoo kesho." Akaifunika kalamu, akafunga kitabu, akaegemeza kiwiko juu yake.

Msafishaji hakwenda koridoni. Alisimama katikati ya sakafu aliyoideki mwenyewe, macho juu.

"Selo haina kitanda, afande. Haijawahi kuwa nacho. Ile damu niliideki mimi, ndoo nne, na wewe ulisimama mlangoni ukinionyesha kwa kidole palipobaki."