Janti Nyeupe za Mama Umuhoza

Siku ile mjinga alikuwa Sangwa, na afadhali lisemwe mapema, kabla hajapata nafasi ya kulisema mwenyewe kwa madaha. Tangu asubuhi alikuwa ameinamia rimu iliyopasuka, ile ambayo Kigali nzima huiita janti, akimtafuta mtu wa kumbebesha lawama, na kumbe mwenye lawama alikuwa amevaa kofia yake Sangwa, viatu vyake na aproni yake yenye madoa ya grisi.

"Shoferi," alisema, akiizungusha janti juu ya mapaja, "niambie polepole, kama mtu anayeungama kwa padri. Shimo gani hilo ulilolipiga?"

"Sikupiga shimo, Mzee."

"Kila janti inayopasuka imepigwa shimo, na kila shoferi ninayemuuliza hajapiga shimo. Basi mashimo ya mji huu yanapigwa na nani? Na masista wanaokwenda kwa miguu?"

Évode hakucheka. Alikuwa ameegemea mabati ya gereji, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu, na hukumu kweli alikuwa anaisubiri. Funguo za pikapu aliyoiendesha miaka sita zilikuwa zimefungwa fundo kwenye ncha ya kitenge cha mwajiri wake, Béatha, aliyekaa juu ya tairi kuukuu chini ya paa, akiitazama mvua ya Aprili ikinyunyiza juu ya Gikondo. Watu walimwita Mama Umuhoza, kwa jina la bintiye. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti vya sherehe: viti mia moja na ishirini vya chuma, vyenye migongo ya kijani, vilivyokwisha kukaliwa na nusu ya mji.

Jumamosi iliyopita viti hivyo vilitakiwa Kagugu saa nne asubuhi kwa ajili ya gusaba, siku ambayo upande wa kijana huenda kumwomba binti kwa wazazi wake. Familia mbili hukaa zikitazamana, msemaji wa huku na msemaji wa kule, wakataniana na kubishana mpaka binti aombwe na atolewe. Hukaa. Hakuna mzee anayeomba mke akiwa amesimama wima kama mtu anayeuliza njia. Lakini Jumamosi ile wazee walisimama, tena chini ya migomba, tena mvuani, kwa sababu Évode alisimamisha gari njiani, akazunguka magurudumu, akaona ufa, akakataa kuendelea mpaka abadilishe gurudumu. Jeki ilizama kwenye matope. Viti vilifika saa sita.

"Mimi nataka neno moja tu kwako, Mzee Sangwa," alisema Béatha. "Aliipasua yeye au hakuipasua? Kama ni yeye, niko na binamu Nyamirambo ana leseni, anakuja kesho."

"Neno lipo humu," alisema Sangwa, akiigonga janti kwa spana. "Chuma hakijui kuficha."

Aliinua mkono wa kushoto kuonyesha kwamba anajua anachosema. Mkono ule ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda zamani, alipokuwa akijaza upepo tairi la lori ambalo pete yake ya chuma ya kulibana ilikuwa na ufa. Bosi wake wa wakati ule aliujua ufa huo tangu jana yake, akanyamaza. Tangu hapo Sangwa aliwaambia wateja kwamba bei zake ni nafuu kwa sababu yeye huhesabu hadi nane tu, na kila alfajiri nyumbani kwake Rwezamenyo, akimaliza kuswali, alishukuru kwa vile vinane, kimoja kimoja.

Basi akaanza kazi. Aliibiringisha janti kwenye sakafu ya saruji, akalala kifudifudi kuitazama. Ilikwenda sawa kama sarafu. Akapitisha kidole kwenye ukingo, ndani na nje. Haukuwa na bonde.

"Shimo halikuipiga," alikubali, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu kitamu. "Mzigo basi. Ulibeba nini siku hizi, mawe?"

"Viti vile vile vya kila wiki. Na Mama mbele."

"Unasema mimi ni mzigo?" aliuliza Béatha.

"Oya, hapana, Mama. Nasema ulikuwepo."

Sangwa alicheka mpaka akakohoa. Ufa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ulianzia kwenye tundu moja la nati, ukazunguka hadi la pili, kisha ukaanza safari ya kwenda la tatu. "Hapa kuna mtu alikaza nati kwa bomba refu," alisema. "Mwanamume akikosa pa kumalizia nguvu zake huzimalizia kwenye nati."

"Spana tu, Mzee. Na mguu wangu."

"Na hapo ndipo ninapomshangaa," Béatha alidakia. "Wiki tatu hizi anasimama, anakaza. Anasimama, anakaza. Nikasema huyu sasa anapumzika kwa mafuta yangu."

"Zilikuwa zinalegea," alisema Évode. "Nakaza, zinakubali. Kesho kutwa iko lege tena, zote tano. Nilipita hapa Jumatano nikakwambia, Mzee. Ulisema nikaze na mkanda wa suruali pia."

Hapo kicheko cha Sangwa kilikatika. Alikumbuka. Watu watatu walikuwa hapa gerejini siku hiyo, na wote walicheka, naye aliwapigia saluti kama mtu aliyetoka jukwaani. Évode alikuwa amesimama palepale aliposimama sasa, akangoja kicheko kiishe, kisha akaenda zake.

Nati inayokazwa ikakubali, halafu ikalegea, halafu ikakazwa ikakubali tena, hailegei kwa uchawi. Kuna kitu katikati kinachobonyea.

Sangwa aligeuza janti. Matundu matano, yaliyopaswa kuwa mviringo, yalikuwa yamerefuka kama mayai. Pembeni mwao vumbi jekundu la kutu lilikuwa limechora michirizi, ishara kwamba chuma kilikuwa kikicheza juu ya chuma kwa siku nyingi. Na pale ambapo janti hulalia habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, uso kwa uso, palikuwa na kitu cheupe kilichominywa kikajikunja kandokando kama utando wa maziwa. Alikibandua kwa ukucha. Kilikuwa kinene kama kadi ya mwaliko.

Moyo wake uliitambua rangi ile kabla ya macho. Ilikuwa rangi ya mlango wa nyumba yake.

Wiki tatu nyuma, Umuhoza mwenyewe aliolewa, na Sangwa, aliyemjua yule binti tangu alipokuwa akibebwa mgongoni, alitaka kumpa zawadi isiyo sufuria. Alizichukua janti nne za pikapu ya Béatha hadi nyumbani kwake Rwezamenyo, akazipaka rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki kwenye kopo. Alipaka mara tatu. Alipaka mbele, alipaka nyuma, alipaka hadi ndani ya matundu ya nati. Mkewe, Uwamahoro, alimuuliza kwa nini anapoteza rangi upande usioonekana na mtu. "Mungu anaona," alimjibu. Siku ya arusi watu waliyapiga magurudumu picha.

Sasa Mungu alikuwa ameona.

Béatha alikuwa akizungumza na mvua kuhusu binamu wa Nyamirambo, jinsi asivyokunywa, jinsi asivyosimama ovyo. Évode alikuwa ametazama kando, kwenye pikapu yake iliyopandishwa juu ya mawe, kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyeuzwa. Karibu na goti la Sangwa kulikuwa na brashi ya waya, na kando ya brashi kopo la petroli. Kusugua mara tatu, nne, na pasingebaki kitu cheupe mahali popote isipokuwa mbele, palipopendeza. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

Alitazama mkono wake wa vidole vitatu. Mtu mmoja alinyamaza siku moja, ndiyo maana uko hivyo.

"Mama Umuhoza," alisema. "Mwache binamu yako apumzike. Mjinga nimempata."

"Nani?"

"Anakudai shukrani kwa zawadi ya arusi."

Alimweleza. Béatha hakuelewa, kwa hiyo Sangwa aliomba sahani mbili za bati kwa mama muuza chakula wa jirani, pamoja na chapati moja. Akaiweka chapati katikati ya sahani, akabana kwa nguvu. "Sasa imekaza, sivyo? Ngoja kidogo. Chapati inabonyea. Shika hapo juu, tikisa. Unaona sahani inavyocheza? Chuma kinataka kushikana na chuma, Mama. Mimi nimekitilia chapati katikati. Shoferi alikuwa akikaza chapati wiki tatu."

"Na fundi mwenyewe anajua kucheka watu," alisema Béatha polepole, akimwangalia kama aliyemwona leo.

"Anajua sana," alikiri Sangwa.

Walifungua magurudumu mengine matatu yaliyopakwa. Évode ndiye aliyefungua, kwa spana ile ile, na nati za la mbele kulia zilitoka kwa vidole vitupu. Kila janti ilikuwa na utando mweupe. Ile ya mbele kulia ilikuwa na nywele mbili za ufa, nyembamba mno, kila moja ikitoka kwenye tundu lake na kuelekea la jirani.

Sangwa alikaa chini kwenye saruji.

"Ulisimama wapi hasa Jumamosi?" aliuliza.

"Juu pale, kabla ya mteremko wa kuingia bondeni. Nilisikia kwi, kwi, kama kitanda cha nyumba ya wageni. Nikazima redio ili nisikie vizuri."

"Kabla ya mteremko."

"Kabla. Mama alisema twende tu, tutaangalia tukifika."

Mvua ilikuwa imepungua, na kutoka kwenye bomba la paa maji yalidondoka tone moja moja ndani ya pipa. Sangwa aliinuka, akafuta mkono kwenye suruali, akaukamata mkono wa Évode kwa mikono yake yote miwili, vidole vinane vikiukumbatia.

"Asante kwa sikio lako," alisema. "Wallahi, sina utani. Nimekucheka, na wewe ukaenda kuniokoa nisiwe muuaji. Nitazisugua zile zinazosugulika, na hizi mbili nitakutafutia nyingine hata kama nitazivua kwenye gari la mkwe wangu. Ukisikia chochote tena, njoo. Kikiwa ni mbu, njoo."

"Yego, nitakuja, Mzee," alisema Évode, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ulitaka kucheka.

Béatha alikuwa amesimama. Alikuwa akilishika lile fundo la kitenge, akilibonyeza kwa kidole gumba, hakulifungua. Mwanamke aliyejenga jina lake kiti kwa kiti haachilii jambo kirahisi.

"Sawa," alisema. "Janti ni ya Sangwa. Rangi ni ya Sangwa. Lakini aibu ni ya nani? Wazee kumi na wanane, Évode. Mjomba wa kijana ana goti bovu, alishikilia mgomba saa mbili nzima kama mlevi. Msemaji wao akaanza maneno akiwa wima, watu wakacheka kabla hajatania. Wataniita tena lini mimi Kagugu? Ungeenda polepole, ukafika, ukashusha viti, ndipo usimame kukagua gurudumu lako."

"Mama Umuhoza," Sangwa alianza, "mtu huyu—"

"Wewe nyamaza, mpakaji rangi wewe. Namuuliza yeye. Nitawaambia nini wale wazee waliosimama?"

Évode alichukua spana chini, akaifuta kwa kitambaa, upande mmoja, kisha upande wa pili. Kidole gumba cha Béatha kilikuwa kimetulia juu ya fundo.

"Waambie walisimama saa mbili nzima, Mama," alisema. "Nisingesimama mimi, wangekaa matanga wiki nzima, kwenye viti vyako hivi hivi, wakitulilia wewe na mimi."