Zamu ya Maji ya Asiye na Dhehebu

Mume wangu Fanueli ana kichwa kigumu, na mwaka ule wa 1951 nilitamani kukigonga kwa mwiko.

Alibatizwa utotoni kama watoto wengi wa huku milimani juu ya Same. Alipokua alimwendea mwinjilisti, akamwambia kwa adabu zote kwamba haamini tena na hapendi kudanganya. Hakuwa mlevi wala hakumtukana mtu. Jumapili mimi nilikwenda kanisani na watoto, yeye akabaki kutupikia makande. Wanawake wenzangu walinihurumia mpaka siku walipoyaonja.

Shida ilikuja na maji. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, hujaa usiku na hufunguliwa asubuhi kwa zamu. Kiangazi kile watu waligombana: Wasabato hawashiki jembe Jumamosi, sisi Walutheri Jumapili, Waislamu nao wana Ijumaa yao. Mzee Asheri, msimamizi wa ndiva, akapanga orodha mpya, kila dhehebu na siku zake. Tulimsifu sana. Orodha iliposomwa, jina la Fanueli halikuwemo. Hakuwa na dhehebu, basi hakuwa na siku.

“Orodha inakwenda kwa mwenye shamba,” Mzee Asheri aliniambia nilipomkumbusha kwamba mimi ni Mlutheri. “Mwambie mumeo ajiandikishe. Popote! Hata kwa Yahaya msikitini, mimi sitauliza.”

Nyumbani nikamwambia, “Baba Anaeli, jiandikishe tu. Maharage hayajui katekisimu.”

“Na Anaeli je? Nimfundishe kwamba mtu akiwa na kiu anaruhusiwa kusema uongo?”

Nililia kwa hasira. Maharage yalikuwa yametoa maua, na majani yameanza kujikunja. Yangekufa, watoto wangelala njaa.

Siku ya baraza Fanueli alisimama. “Shikamoo, Mzee Asheri.”

“Marahaba, mwanangu. Umechagua?”

“Nina swali moja. Baragumu la msaragambo lilipopigwa ili tukazibe ukuta wa ndiva, nani aliulizwa anasali wapi?”

Watu wakacheka. Msaragambo ni kazi ya wote, asiyekuja hutozwa mbuzi, na Fanueli alikanyaga udongo siku tatu mpaka miguu ikaota malengelenge. Yahaya, aliyekanyaga naye, akajibu, “Hakuna. Tuliulizwa jembe liko wapi, basi.”

Mzee Asheri alikuna kidevu, kisha uso ukamng'aa. “Nimepata! Fanueli hana siku takatifu. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili atufungulie yeye ndiva. Kwa kazi hiyo tutampa maji.”

Baraza zima lilishangilia. Mimi nilikaribia kupiga kigelegele. Yule mume wangu akatikisa kichwa!

“Kufungua nitafungua, ninyi ni majirani zangu. Lakini maji yasiwe ujira. Nikiugua nikashindwa kufungua, mtaninyima tena? Nataka zamu kwa sababu nilikanyaga udongo, kama ninyi.”

Hapo ndipo nilipomwelewa, nikaona haya. Mimi nilitaka maji tu, na wanangu wangekuja kuyapata kwa kibali cha mtu. Nikasimama.

“Mzee, tupange kwa mashamba, kuanzia la juu hadi la chini. Zamu ikiangukia siku yako ya ibada, badilishana na jirani. Midomo tunayo.”

Mzee Asheri aliishika karatasi yake kwa mikono miwili. Si mtu mbaya, ila aliipenda mno orodha yake. Akaikunja, akaitia mfukoni.

“Haya. Shamba la juu kabisa ni la nani?”

Zamu yetu ya kwanza iliangukia Jumapili, na sisi hatukuhitaji kubadilishana na mtu. Kupitia dirisha la kanisa nilimwona Fanueli ng'ambo ya bonde, suruali kaikunja hadi magotini, akiyaelekeza maji mstari kwa mstari. Miaka tisa, kila Jumapili, nilikuwa nikimwomba Mungu ambadilishe mume wangu. Siku hiyo nilipiga magoti, nikamwomba amwache vilevile.